Kichwa Hakina Spea

Watu wangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, leo sina vichekesho, na uchambuzi wa Ligi ya Uingereza utangoja. Leo nina ugomvi na swali moja ambalo nalisikia kila wikendi nikienda kurekodi mechi za mtaani. Swali lenyewe ni fupi: "Uko sawa?"

Mnajua inavyokuwa. Kona imepigwa, watu wawili wameruka, vichwa vimegongana mpaka sisi huku nje tumesikia. Mmoja kalala. Mtu anakimbia na chupa ya maji, anamwagiwa kichwani, anapigwa vikofi vya shavu, anashikwa kwapa anasimamishwa. Kocha anamwinamia: "Uko sawa?" Kijana anainua kidole gumba. Mashabiki wanapiga makofi, kuna mzee pale kwenye kivuli anasema "simba huyo!", refa anapuliza kipenga, mpira unaendelea. Yote hayo hayafiki dakika moja.

Tatizo langu na swali hilo ni kwamba linaulizwa kiungo ambacho kimeumia. Ukivunjika mguu, kichwa ndicho kinachosema mguu umevunjika. Sasa kichwa kikiumia, nani atasema? Ni kama kumuuliza mlevi kama amelewa. Atakwambia hapana, tena kwa hasira.

Yaani hoja yangu nzima ni hiyo: mtu aliyegongwa kichwa ndiye wa mwisho kuulizwa kama anaweza kuendelea. Uamuzi uwe wa mtu mwingine, na uwe umeshafanywa kabla mechi haijaanza.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Kitaalamu unaitwa mtikisiko wa ubongo. Chukua dafu. Nje ni gumu, ndani kuna maji. Ukilibamiza ukutani ganda linaweza kubaki zima kabisa, lakini ndani kumevurugika. Ubongo nao umekaa ndani ya fuvu ukiwa umezungukwa na majimaji. Kichwa kikipigwa, au hata mwili ukipigwa kwa nguvu mpaka kichwa kikatikisika, ubongo unasukwa humo ndani na kazi yake inavurugika. Hakuna damu. Hakuna nundu wakati mwingine. Na hili wengi hawalijui: mara nyingi mtu hazimii. Kwa hiyo ile ya "si hakuzimia, basi hana kitu" ifutwe leo.

Dalili zake ndizo zile tunazozicheka. Kizunguzungu. Kuona nyota. Kichefuchefu. Mwanga unamuuma macho. Anajibu polepole kama simu yenye mtandao mbovu. Anauliza kitu kilekile mara tatu. Anakuwa na hasira ambazo si zake. Nyingine hazitokei palepale, zinakuja baada ya saa kadhaa au kesho yake. Na ukienda hospitali ukapigwa picha ya kichwa, mara nyingi inatoka safi, kwa sababu picha inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Picha safi ni habari njema, lakini haimaanishi kwamba ubongo haukutikisika.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa.

Kuna kipa mmoja wa huku kwetu Changamwe. Kanipa ruhusa nisimulie mradi nisimtaje jina. Ni tanboi wa lori siku za kazi, Jumapili ni kipa, na kwa kweli ni kipa hasa. Mwaka jana timu yake iliingia fainali ya kombe la mtaa. Zawadi ilikuwa mbuzi, seti ya jezi na pesa taslimu, na mnajua pesa taslimu inavyowafanya watu wacheze kama Kombe la Dunia. Kipindi cha pili akarukia mpira miguuni mwa straika, goti likamkuta kwenye kipaji. Ninayo video. Nimeihesabu: sekunde 14 hatikisiki. Kisha maji, vikofi, "uko sawa?", kidole gumba. Akacheza mpaka mwisho. Mechi ikaenda penalti. Akaokoa moja, wakashinda, wakambeba juujuu kiwanja kizima. Kipande hicho cha video kilisambaa mpaka Mtwapa.

Kesho yake akanipigia simu. Akaniuliza, "Hivi ile penalti tuliishindaje?"

Nilidhani ananichezea. Nikamtumia video. Akaitazama, akaniambia, "Huyo ni mimi, lakini sikumbuki kitu." Penalti ya maisha yake, watu wanaimba jina lake, na yeye ameiona kwenye simu yangu kama mtu mwingine yeyote.

Baada ya hapo likaanza la pili, lile ambalo halikurekodiwa. Kichwa kinamuuma kila jioni. Taa za malori zinamchoma macho. Usingizi hauji, ukija hauishi. Alikwenda zahanati moja akapewa dawa za maumivu akaambiwa apumzike, lakini kibarua hakipumziki. Siku moja anamwongoza dereva arudi nyuma, anapiga kelele "njoo, njoo, njoo", na lori limeshafika ukutani. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, ila tajiri yake akamwambia akae nyumbani. Akakaa miezi miwili bila kazi. Mtaani wakaanza kusema amekuwa mvivu, wengine wakasema anavuta.

Na hapo ndipo pananiuma. Angevunjika mguu, plasta ingeonekana. Tungemchangia. Kungekuwa na kikundi cha WhatsApp na mweka hazina. Lakini kichwa hakifungwi plasta, kwa hiyo hakuna aliyemtumia hata nauli. Sasa amepata nafuu na amerudi kazini, lakini golini hajarudi, na sidhani kama atarudi.

Msidhani hii ni shida ya viwanja vya vumbi peke yake. Waliozungukwa na madaktari nao wamefanya hayohayo. Fainali ya Kombe la Dunia 2014, Ujerumani na Argentina, Christoph Kramer aligongwa uso mapema kwenye mechi na bega la beki. Akaendelea kucheza. Akamfuata refa, Mwitaliano Nicola Rizzoli, akamuuliza kama hii mechi ni fainali. Refa akadhani ni mzaha. Alipoona jamaa anauliza kwa dhati akawaambia wenzake, na Kramer akatolewa dakika ya 31. Mtu yuko Maracanã, dunia nzima inamtazama, na hajui yuko kwenye mechi gani. Na miguu yake ilikuwa ikikimbia vizuri tu.

Halafu Sadio Mané, huyu wengi tulimwona. Tarehe 25 Januari 2022, Kombe la Afrika kule Cameroon, Senegal na Cape Verde. Mané na kipa Vozinha wakagongana vichwa wakiuwania mpira. Vozinha akapewa kadi nyekundu. Mané akalala chini, akatibiwa, akaendelea, na dakika chache baadaye akafunga goli. Tukashangilia. Lakini baada ya goli lile akaanguka chini tena, akatolewa, akapelekwa hospitali. Siku tano baadaye alikuwa uwanjani tena, robo fainali. Mungu alimlinda, Senegal wakabeba kombe. Lakini mtoto wa Mtongwe aliyetazama ile mechi alijifunza nini? Alijifunza kwamba ukigongwa kichwa unainuka unafunga.

Kama unadhani goli lile ni ushahidi kwamba mtu alikuwa sawa, nakukumbusha wa kwetu. Robert Wangila. Seoul 1988, ngumi za uzito wa welta, alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani kwenye fainali, na mpaka leo ndiye bondia pekee wa Kenya aliyeleta dhahabu ya Olimpiki. Akaenda Marekani kupigana ngumi za kulipwa. Tarehe 22 Julai 1994, Las Vegas, alikuwa ulingoni na David Gonzales. Raundi ya tisa refa akasimamisha pambano. Wangila akalalamika. Alitaka kuendelea. Muda mfupi baadaye, chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na hakuamka tena. Alikuwa na miaka 26.

Ngumi si mpira, najua, na damu kuvuja ndani ya fuvu si sawa na mtikisiko wa kawaida. Lakini tazama kitu kimoja. Bingwa wa Olimpiki, mtu aliyeujua mwili wake kuliko mimi na wewe tunavyoijua miili yetu, alikuwa amesimama akibishana kwamba yuko sawa, na ndani ya kichwa chake mambo yalikuwa yameshaharibika. Kama Wangila hakuweza kujua, kipa wa Chaani atajua?

Sasa kuna nchi moja ambayo ugomvi huu umefika mahakamani, bungeni, kila mahali, na huko kuna mtu aliyezaliwa Kenya. Australia wana kandanda yao wenyewe. Uwanja ni wa duara refu, mpira una umbo la yai, wachezaji 18 kila upande, hawavai helmeti, na mtu anaruhusiwa kumparamia mwenzake mabegani ili audake mpira hewani. Ligi yao kuu inaitwa AFL. Mmoja wa mabeki wakubwa wa ligi hiyo ni Aliir Aliir wa Port Adelaide. Alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini ya leo.

Julai 2023, kwenye debi ya Adelaide, Aliir na mwenzake wa timu moja, Lachie Jones, walikimbilia mpira mmoja wakagongana vichwa vibaya sana. Kanuni ya ligi inasema mtu akigongwa hivyo anatolewa, anafanyiwa kipimo maalumu cha ubongo ndani, mbali na kelele, na akionyesha dalili harudi. Aliir alirudishwa uwanjani bila kufanyiwa kipimo hicho. Baada ya mechi dalili zikajitokeza. Klabu ikakiri kosa, na ligi ikaitoza faini ya dola 100,000 za Australia. Hiyo ni mamilioni ya shilingi zetu, wadau, na kosa lenyewe ni kumruhusu mtu kuendelea kucheza.  Kule neno la mchezaji halitoshi.

Kwa nini wamekuwa wakali hivyo? Si kwamba wao ni watu wema kuliko sisi. Wamezika watu. Graham Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya mchezo huo, alifariki 2019. Danny Frawley, 2019. Shane Tuck, 2020. Ubongo wao ulipochunguzwa baada ya kifo, wote walikutwa na ugonjwa unaoitwa CTE, ambao unahusishwa na kupigwa kichwa mara nyingi kwa miaka mingi, na ambao mpaka sasa unathibitishwa baada ya mtu kufa tu. Halafu Heather Anderson, aliyekuwa na Adelaide msimu wa kwanza wa ligi ya wanawake, 2017. Alifariki Novemba 2022 akiwa na miaka 28. Julai 2023 watafiti wakatangaza kuwa naye alikuwa nao, mwanamichezo wa kwanza wa kike wa kulipwa kukutwa na CTE. Kwa hiyo dada zangu mnaocheza, msidhani habari hii ni ya wanaume.

Sitaki kumtisha mtu. Kugongwa mara moja ukapumzika vizuri, wengi hupona kabisa. Hatari kubwa ni kugongwa, usipumzike, ukagongwa tena kabla ubongo haujatulia. Kwa vijana hilo linaweza kuvimbisha ubongo ghafla na kuua. Ni nadra, lakini limetokea. Mwaka 2011 Ireland ya Kaskazini mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja kwenye mechi ya raga ya shule, akaachwa aendelee, akafariki.

Kuna kanuni moja ya Waaustralia ambayo ilinifanya niandike haya yote. Kuanzia 2021 mchezaji wa AFL aliyepata mtikisiko anakaa nje siku 12 kwa uchache. Lakini mwongozo wao wa 2024 kwa watoto na timu za mitaani unasema siku 21. Soma tena. Yule mwenye daktari wa klabu, fizio na vipimo kila asubuhi: 12. Yule anayecheza Jumapili na kocha ambaye ni fundi wa tuktuk: 21. Sisi huku tumegeuza. Tunasema mambo hayo ni ya matajiri, ni ya wenye madaktari. Kumbe asiye na daktari ndiye anayetakiwa kuwa mkali zaidi, kwa sababu hana wa kumkagua na kumwambia sasa uko tayari.

Na jiografia yetu haitusaidii. Mtu wa Likoni akizidiwa jioni, kati yake na hospitali kuu ya Pwani, ile wazee wanayoiita Makadara, kuna feri na foleni yake. Wa Kisauni ana daraja la Nyali na magari yake. Sisi wa Changamwe tuna Port Reitz karibu, lakini jaribu kupita Magongo saa ambayo malori yamesimama. Huwezi kusema utaangalia hali akizidiwa. Akizidiwa umeshachelewa.

Basi tufanyeje, na hatuna pesa? Hii ndiyo sehemu nzuri: karibu yote ni ya bure.

Kwanza, maswali. Mwaka 1995 watafiti wa Melbourne wakiongozwa na David Maddocks walichapisha uchunguzi waliowafanyia wachezaji wa kandanda hiyohiyo ya Australia. Waligundua kwamba kumuuliza mtu jina lake au tarehe yake ya kuzaliwa hakusaidii sana. Jina lake atalijua. Anachopoteza ni mambo ya karibuni. Maswali yao yameenea dunia nzima, na kwa kwetu yanakuwa hivi:

Tuko kiwanja gani?
Ni kipindi cha kwanza au cha pili?
Nani kafunga goli la mwisho?
Mechi iliyopita tulicheza na nani?
Tulishinda?

Nahodha yeyote anaweza kuyakariri ndani ya basi. Akikosea hata moja, katoka. Ila sikiliza hapa vizuri: akiyajibu yote hajapewa ruhusa ya kurudi. Maswali ni ya kumtoa mtu, si ya kumrudisha. Kama alilala bila kutikisika, kama anayumba, kama anashika kichwa, kama macho yake yako mbali, katoka, hata kama anakumbuka magoli ya msimu mzima. Raga duniani wana kauli yao: tambua, mtoe. Haisemi tambua, mwagia maji.

Pili, akitoka asiachwe peke yake, asipande boda kama dereva, asinywe pombe. Na kama anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, anatetemeka kwa degedege, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu umekosa nguvu, shingo inamuuma, anazidi kuchanganyikiwa au haamshiki, hiyo ni hospitali sasa hivi. Shingo ikiuma msimnyanyue ovyo. Na jamani, Panadol ili arudi kipindi cha pili ni kuzima king'ora cha moto na kuuacha moto.

Tatu, sabu. Naijua hoja yenu: "tumemaliza mabadiliko, tukimtoa tunabaki kumi." Wakubwa wa sheria za mpira, IFAB, walianza kulijaribu hili 2021, na kuanzia msimu wa 2024/25 limo kwenye sheria zenyewe: mashindano yanaweza kuruhusu sabu ya ziada kwa mchezaji aliyegongwa kichwa, na timu pinzani nayo inapewa ya kwake. Aliyetoka harudi. Hakuna anayeonewa, hakuna faida ya kudanganya. Waandaaji wa makombe yetu wanahitaji mstari mmoja tu kwenye karatasi ya kanuni. Mmeandika mistari mitatu kuhusu rangi ya soksi, huu hamuuwezi?

Nawasikia wengine. "Mwanaume huvumilia." Sawa, avumilie njaa, avumilie jua la saa nane, avumilie kufungwa nne bila. Ubongo hauna misuli, hauzidi kuwa mgumu kwa kupigwa. "Kuna skauti siku hiyo, nafasi itanipita." Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote na siwezi kuicheka, kwa sababu kuna watu hapa kwetu mpira ndiyo barua yao pekee ya kazi. Lakini skauti anatafuta mchezaji wa miaka kumi ijayo, na dakika zako ishirini za kuyumba hazitamvutia. Atakuona umechelewa kwa kila mpira na ataandika jina la mwingine. "Mungu ndiye mlinzi." Kweli kabisa, lakini ngamia hufungwa kwanza, tawakali ikafuata.

Mafundi wa pale Magongo wana msemo kwa kila gari: usijali, spea ipo. Gia, taa, hata injini nzima wanakuletea kabla ya magharibi. Goti nalo siku hizi linafanyiwa upasuaji, na jino linatengenezwa. Kichwa hakina spea. Kinachokufanya ukumbuke nyimbo za mamako, njia ya kurudi nyumbani na nani unamdai, kiko kimoja.

Uchaguzi wa 2027 unanusa, na makombe ya waheshimiwa yameanza kumwagika mitaani kama kawaida. Watakuja na jezi zenye sura zao. Wapokeeni, jezi ni jezi. Ila safari hii manahodha muwaombe vitu viwili: mtu mmoja mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza akae pembeni ya kiwanja kila mechi, na gari la kumpeleka aliyeumia. Ni bei ndogo kuliko spika zao. Na kabla kipenga hakijapigwa, manahodha wawili na refa mkubaliane mbele ya timu zote kwamba leo, akigongwa mtu kichwa, hatumuulizi. Tunamtoa.

Nanyi wenzangu wenye simu, tunaorekodi: akianguka mtu, endeleeni kurekodi, kwa sababu video inaweza kumsaidia daktari kujua kilichotokea. Lakini kabla hujaiweka na vikaragosi vya kucheka, mpelekee kwanza mamake au kocha wake. Na ukiwa umesimama kwenye kamba ukaona kijana amekaa pembeni, ametolewa, ameinamisha kichwa na wenzake wanacheza, usimwite muoga. Kamkalie karibu. Muulize nani kafunga goli la mwisho.